Tisa Ndiyo Sakafu

Kwa miaka mingi sauti ya Mardell Kucera ilijulikana Nebraska kuliko uso wake. Kila Jumamosi ya msimu wa futiboli ya Kimarekani, Korongo, timu ya Chuo Kikuu cha Loup, wakishamaliza mchezo wa nyumbani, aliingia garini, akafunga mlango, na kabla hajawasha injini akapiga simu kwenye kipindi cha redio ambacho mashabiki hukitumia kutema nyongo. "Tunaye mama yetu wa Burwell," alisema mtangazaji, Rusty Volk, na katika pikapu zilizokuwa zikijikokota kutoka uwanjani watu wakaongeza sauti.

Walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mpishi wa shule ya mji mdogo wa Burwell mpaka alipostaafu, mjane wa fundi wa mashine za kuvunia mahindi, mwanamke mfupi mwenye koti la kijivu na kola nyekundu, rangi za timu. Wengine walipiga simu wakilia, au bia ikiwa imewazidi. Yeye alisema sentensi fupi zilizokaa kichwani mwa watu kama methali, kisha akakata simu.

Viti vyake viwili alivirithi kwa baba mkwe. Katika sehemu zile watu huandika viti vya uwanjani kwenye wosia pamoja na mashamba, na kuna ndugu wa tumbo moja walioacha kusalimiana kwa sababu ya ubao wa kukalia. Kiti cha pili kilikuwa cha mumewe, Ray. Ray alipofariki, alikikalia mjukuu wao, Greta. Upande wa kulia alikaa Gaylen Sieck, mfugaji wa nguruwe aliyemjua Mardell tangu wote wawili walipokuwa na meno yao yote.

Msimu una michezo kumi na miwili. Katika enzi za kocha mzee Brandvold, Korongo hawakushinda chini ya tisa hata mwaka mmoja, na watoto walikua wakidhani tisa ni jambo la maumbile, kama theluji. Mpaka leo ukimuuliza mzee wa Burwell mavuno yakoje, anaweza kukujibu "Tisa," maana yake hayana lawama. Lakini Brandvold alikuwa amestaafu siku nyingi. Kocha wa sasa, Lanphier, mtu mpole wa Ohio, alikuwa akishinda nane. Mwaka mmoja alishinda saba. Kisha nane tena.

Hayo tisa. Kumi ni kwamba kocha wa safu ya mbele, yule anayewafundisha vijana wanene kumkinga mrusha mpira, alikuwa Wade Osterholm, mume wa Janelle, binti wa pekee wa Mardell.

Familia za makocha huishi kama wachungaji wa kuhamahama. Janelle alikuwa amekaa Texas, kisha Ohio, kisha mahali fulani Carolina ambapo hata sanduku zote hakuzifungua. Wade alipopata kazi Loup, kwa mara ya kwanza Mardell akawa na binti aliye umbali wa safari ya asubuhi, na mjukuu wa kumchukua shuleni. Alimshukuru Mungu kwa hilo, na alimshukuru pia Lanphier, aliyemwajiri Wade. Lakini hakuona kwamba shukrani hiyo ingemzuia kusema kweli juu ya namba.

Ikaja Jumamosi moja ya Oktoba, mvua ikinyesha, Korongo wakafungwa nyumbani na timu ya Indiana ambayo hata mashabiki wake hawakujisumbua kuja.

"Safu yetu leo ina matundu kuliko soksi zangu," alisema Gaylen wakishuka ngazi.

"Soksi zako angalau zimefika mwisho wa msimu," alijibu Mardell.

Garini, maji yakimdondoka kofiani, alipiga simu.

"Mama, niambie," alisema Rusty. "Kocha anasema wakimaliza na nane, si vibaya. Wewe unasemaje?"

"Nane si vibaya kwa watu waliozoea kushukuru makombo, Rusty. Hapa kwetu tisa siyo dari. Tisa ndiyo sakafu. Mtu asiyeweza kusimama juu ya sakafu, atoke nje."

Akakata. Katika magari pembeni yake watu walipiga honi.

Kufikia Jumatano maneno yale yalikuwa yameshachapwa kwenye fulana. Gaylen alimpigia simu kumwambia kwamba kinyozi wake amemnong'oneza eti tisa ndiyo sakafu, akidai ni usemi wa babu yake. "Umeshakuwa wa kale, dada," alisema, "na bado unadai pensheni."

Mardell alicheka. Hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi namna ile tangu Ray afariki, na hilo nalo baadaye lilimuuma.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Janelle na sufuria ya maharage na nyama ya kusaga, na sinia la mikate ya mdalasini. Vyakula hivyo viwili huliwa pamoja, kwa mkono mmoja kijiko na mwingine mkate, na Wade, aliyezaliwa mbali, alishajifunza kutouliza kwa nini. Alikuja nyumbani mara moja tu kula kabla ya kurudi kazini. Janelle alingoja mpaka Greta atoke nje.

"Mama, ulimaanisha nini, 'atoke nje'?"

"Nilimsema Lanphier. Sikumsema Wade."

"Lanphier akitoka, anatoka na nani? Unalijua hilo kuliko mimi."

"Wade anafanya kazi nzuri. Huyo atakayekuja atambakisha."

Wade alichovya mkate. "Mama, huyo atakayekuja ana Wade wake."

Hakuna aliyecheka. Wade akaendelea taratibu, kama anavyozungumza na vijana wake. "Zamani watoto wazuri walikuja hapa kwa sababu sisi tulionekana kwenye televisheni. Siku hizi kila timu inaonekana. Mimi namchukua mtoto hajui hata kupiga goti vizuri, namlea mwaka mzima, akishaiva Texas wanampa pesa, anahama na viatu vyake. Nane ya leo ni kumi ya Brandvold."

"Brandvold hakuwa na hesabu za hivyo."

"Brandvold hakupigiwa simu na Texas."

"Piga tena Jumamosi," alisema Janelle. "Sema ulikuwa na hasira. Sema nane inatosha."

"Siwezi kusema nisichokiamini mbele za watu."

"Hatujakuomba uamini. Ni simu tu, Mama."

"Kuna watu wananisikiliza, Janelle."

"Na sisi ni nani?"

Mardell aliinuka akaanza kuosha vyombo, ingawa Wade alikuwa bado anakula.

Ni rahisi kumhukumu, na wengi wamefanya hivyo. Wade alikuwa sahihi kwa hesabu: timu ya jimbo lenye watu wachache, mbali na majiji yanayozaa wachezaji, haina sababu ya kudai ushindi tisa kila mwaka kama haki ya kuzaliwa. Mardell mwenyewe, ambaye aliwahi kupika mlo wa shule nzima kwa bajeti iliyopunguzwa kila mwaka, alijua sufuria haijazwi kwa kukumbuka jinsi ilivyokuwa imejaa. Lakini Burwell ilikuwa imeshapunguza vingi. Duka la vitambaa lilifungwa. Kanisa lilimpata mchungaji kwa zamu na miji mingine. Mashamba ya majirani yalimezwa na mashamba makubwa, na nyumba zilizobaki tupu zikavunjwa. Timu tu ndiyo iliyokuwa bado na kipimo chake cha zamani, na kila mara mtu wa kutoka nje alipowaambia waridhike, Mardell alisikia jambo lile lile waliloambiwa juu ya duka na kanisa. Kwake, kusema nane inatosha kulikuwa ni kutia saini kwamba hata hicho kichukuliwe.

Basi akachagua njia ya katikati, ambayo mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote mbili. Hakupiga simu kukanusha, na hakupiga tena kabisa.

Alidhani kimya kitazima moto. Jumamosi ile Rusty Volk aliuliza hewani, "Mama yetu wa Burwell amepotelea wapi?" na kwa kuwa hakupata jibu, alirusha sauti yake iliyorekodiwa. Wasikilizaji waliipenda, akairusha tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa ndiyo inayofungua kipindi: atoke nje, kisha muziki. Mardell aliisikia dukani akinunua siagi. Muuzaji alimkonyeza.

Katika mchezo wa mwisho wa msimu, uliochezwa nyumbani mwezi wa Novemba, mashabiki fulani walichanga wakakodi ndege ndogo. Ilipita juu ya uwanja ikivuta kitambaa kirefu chenye maandishi, ikazunguka, ikapita tena. Greta alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu yake. Aliyasoma maneno moja moja, midomo ikichezacheza.

"Bibi," alisema, "hayo si ya kwako?"

Chini, pembeni ya uwanja, makocha na wachezaji waliinua vichwa kama watu wote. Wade alitazama juu kidogo tu, akarudi kwa vijana wake, akaanza kumrekebishia mmoja wao kamba za kinga ya bega. Mardell aliona hilo vizuri. Kwa muda mrefu baadaye alitamani angekuwa na macho mabovu.

Korongo walishinda siku hiyo. Ulikuwa ushindi wa nane. Jumapili Lanphier akafukuzwa.

Kocha mpya alitoka Georgia, kijana mwenye sauti nzito, na alikuja na watu wake kama Wade alivyosema. Wade aliarifiwa kwa simu fupi na ya adabu. Kabla ya mwisho wa Januari alikuwa amepata kazi katika chuo kidogo mashariki mwa Oregon, mshahara mdogo, uwanja usiojaa. Mardell alikwenda kusaidia kufunga vyombo. Siku nzima Janelle hakumfokea. Alisema, "Angalia hivyo vikombe, Mama," na, "Hilo sanduku ni la Greta." Walizungumza kwa upole ule wanaoutumia watu wasiojuana katika chumba cha kungojea daktari.

Lori lilipokuwa tayari, Mardell alisema, "Nilipaswa kupiga ile simu."

"Ndiyo," alisema Janelle.

Janelle alimbusu shavuni, akapanda.

Gaylen alijaribu kumfariji. "Mkurugenzi wa michezo hawezi kumfukuza kocha kwa ajili ya mpishi wa Burwell. Usijipe ukubwa." Huenda ni kweli. Matajiri wanaolipia majengo ya chuo hawasikilizi redio ya mashabiki, na inasemekana uamuzi ulikuwa umefanywa tangu Septemba. Lakini faraja ile haikugusa penye kidonda. Binti yake alimwomba sentensi moja. Yeye aliipima kama mtu anayepima kiapo, akaona ni ghali, na aliyelipa ni mwingine.

Msimu uliofuata kocha mpya alianza kwa kufungwa mara mbili, na Rusty akatafuta sauti nyingine. Mardell alimwachia Gaylen tiketi zake zote mbili. Gaylen aliweka koti lake kwenye kiti kimoja na bakuli la maharage kwenye kingine, akalalamika kwamba hakuna wa kubishana naye.

Oktoba, Janelle alimwambia kwenye simu, "Njoo ukitaka." Mardell hakuuliza maneno hayo yana joto kiasi gani. Alikwenda.

Uwanja wa Oregon ulikuwa na jukwaa upande mmoja tu. Upande wa pili kulikuwa na vilima vya majani makavu. Mardell alikaa kati ya Janelle na Greta, blanketi moja likiwafunika magoti wote watatu. Nyuma yao walikaa mume na mke wa makamo, wenye kofia za sufu za timu, na tangu mwanzo walikuwa wakimjadili kocha wa safu ya mbele.

"Huyu wa Nebraska anawafundisha nini hawa watoto?" alisema mwanamume. "Kucheza dansi?"

"Mpe muda," alisema mkewe.

"Tumempa. Hapa tulizoea kushinda sita. Sita si nyingi. Hamalizi mwaka huyu, nakuambia."

Mardell aligeuza shingo, kisha akairudisha mbele. Tatizo ni kwamba mwanamume yule alikuwa sahihi. Kijana wa pembeni kulia alikuwa akichelewa kila mara, mrusha mpira akaangushwa, na akaangushwa tena, kwa kosa lile lile ambalo mpaka sasa lingekuwa limeshanyooshwa. Aliliona wazi kabisa.

"Huwa unawaacha tu?" alimnong'oneza Janelle.

"Niwaambie nini? Wamelipa."

"Huwa haikuumi?"

Janelle aliendelea kutazama uwanja. "Nilianza kuyazoea kule nyumbani," alisema.

Walifungwa. Watu walitawanyika haraka, maana upepo ulikuwa umeanza kukata. Wade alitoka na nywele zimelowa, amekonda tangu Januari, akamkumbatia Greta, akamkumbatia mama mkwe wake. Hakuwa amemwonyesha kinyongo hata siku moja, na jambo hilo lilimwelemea Mardell kuliko kama angemwonyesha.

"Haya, Mama," alisema. "Wewe una jicho. Nieleze ukweli. Umetuonaje?"

Janelle alikuwa akipekua mkoba kutafuta funguo. Mkono ulisimama.

"Sikuangalia sana," alisema Mardell. "Nilikuwa na Greta. Ila vijana wako wanajituma."

Wade alimtazama kidogo. Alimjua mno asiweze kuamini. "Asante," alisema, akachukua blanketi mikononi mwa Mardell, akalikunja vizuri. Janelle alipata funguo, akatangulia kwenda kufungua gari, nao wakamfuata.