Besi ya Nyuzi Nane na Kiti cha Kaka

Mimi ni mfupi, na gitaa la besi la kanisa letu hapa Isiolo ni refu. Nimelipiga miaka mingi mkono wa kushoto ukivutika hadi bega linawaka moto, wala sikulalamika, kwa sababu pembeni yangu alikaa kaka yangu na gitaa lake. Kisha kaka akapatwa na kiharusi. Ulimi ulirudi polepole, lakini mkono wake wa kushoto ulilala na haujaamka. Kiti chake kwenye kwaya kikabaki kitupu. Mwalimu wa kwaya akaanza kusema nyimbo zimepwaya, afadhali atafutwe mpigaji mwingine.

Nilimwambia angoje. Sikutaka mtu akalie kile kiti, na nilimwambia hivyo kwa hasira.

Ndipo nikaona kwenye simu besi ya nyuzi nane. Kila uzi mnene una mwenzake mwembamba kando yake. Unazibonyeza zote mbili kwa kidole kimoja, na sauti zinatoka pamoja, nene na nyembamba, kama baba na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Besi na gitaa kwa mkono mmoja! Tena zilikuwepo zenye shingo fupi, za watu kama mimi. Nikatazama bei, nikazima simu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nguo nisiyoweza kuinunua huishona, nikaona hata hii nitaishona. Kule Meru nilipata besi kuukuu iliyovunjika shingo, na vifunguo vinne vya ziada vya kukazia nyuzi, vilivyong'olewa kwenye gitaa bovu. Ikabaki kutengeneza shingo tu. Nikachora shingo ya besi ya kanisa kwenye karatasi ya khaki ninayokatia nguo, pamoja na vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza. Kwa kuwa nilitaka fupi, nilifanya kama ninavyofanya mkono wa shati ukizidi urefu: nikakunja pindo katikati ya karatasi, nafasi nyingine zikabaki vilevile. Seremala wa vitanda akachonga vilevile. Kila jioni nilitoka kwenye cherehani mgongo umekufa, nikaenda kusimama kwenye vumbi lake la mbao.

Tulipofunga nyuzi nikapiga mbele ya kaka. Kila sauti ilikuwa kombo. Kaka aliitazama ile shingo, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa hajacheka tangu augue.

"Dada, ulikunja?"

"Nilikunja."

"Hii si shati. Ukifupisha, kila nafasi inapungua kidogo, kutoka juu mpaka chini."

Nikarudi kwa seremala nimeinamisha kichwa.

"Madam, hii mbao si kitambaa," alisema. "Hii ya pili ikiharibika, mimi nakutengenezea kitanda, ulale upumzike."

Kitanda ndicho nilichokitamani hasa. Shingo ya pili ilikuja tupu, bila vyuma. Nikavuta uzi mmoja juu yake, nikawa nasogeza kipande cha waya chini ya uzi, nikiudonoa, kaka akisikiliza amefumba macho. Sauti ikifika mahali pake, aliinua kidole cha mkono mzima, nami nikatia alama kwa chaki ya cherehani. Wakati mwingine alisinzia katikati ya kazi, nikangoja.

"Hii ni ya kukushikilia nafasi mpaka upone," nilimwambia.

Aliinua kidole, nikatia alama.

Seremala akapigilia vyuma kwenye alama zile. Jumapili nilipoipiga, bega halikuwaka, na sauti ilijaza kanisa lote. Mwalimu wa kwaya akapiga makofi. "Sasa hata gitaa hatuhitaji!"

Nilitamani kumrushia ile besi. Nilikuwa nimejichosha miezi yote ile ili wasimsahau kaka, kumbe nimewafundisha kuimba bila yeye.

Njiani kurudi nyumbani kaka alisimama kupumzika kwenye mkongojo wake. Nikamwaga yote ya moyoni.

"Nilijua atasema hivyo," alisema.

"Na bado ukanisaidia?"

"Dada, mkono haurudi. Wewe ulikuwa unanishikilia nafasi. Mimi nilikusaidia ndio uache kuningoja."

Nililia palepale barabarani, watu wakipita na mbuzi wao.

Jumapili iliyofuata nilikuta mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye magoti mabovu, amesimama kando ya kile kiti akinitazama. Nikamwambia akae. Kisha nikaanza kukaza nyuzi. Zamani kaka ndiye aliyenipa sauti ya kuanzia kwa gitaa lake. Nikakaza uzi wa kwanza taratibu, nikiudonoa huku nikitazama benchi ya nyuma alikoketi kaka, mpaka alipoinua kidole.