Mnazi Ulioitwa Baleni

Safari nzima imenigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na nne. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikitumaini nimekosea. Humo mna boti ya kwenda na kurudi, bodaboda kutoka Kilindoni mpaka kijijini kwetu, upande wa Utende, na kilo mbili za sukari za jirani, maana huendi kudai kitu kwa mzee ukiwa mikono mitupu. Nilikwenda kutetea minazi tisa ya marehemu bibi. Nimepata minane. Na huo mmoja uliobaki, rafiki yangu, ndio uliokuwa wangu.

Kwetu Mafia ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Minazi ya bibi ilikuwa ndani ya shamba la jirani, na hati yake ilikuwa majina. Kila mnazi aliupa jina, na kila jina lilikuwa na habari: umetoka kwa nani, kwa sababu gani, nani alishuhudia. Mmoja aliuita Mahari, huo haudai maelezo. Mwingine Jibondo, kwa sababu fundi wa vyombo vya bahari kutoka kisiwa hicho, ambako maji ya kunywa yalipelekwa kwa mashua, alichota kisimani kwa bibi msimu mzima, na alipoondoka akamwachia mnazi wake kwa shukrani.

Palikuwa na Martini pia. Mwalimu wetu wa darasa la pili, Mkristo kutoka bara, alitusimulia siku moja kwamba jina lake ni la mtakatifu, askari aliyemkuta maskini akitetemeka kwa baridi, akakata joho lake vipande viwili na kumpa kimoja. Nilikimbia kumwambia bibi. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa changu. Akasimamisha mkono.

"Na kipande cha pili akabaki nacho?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi huyo alikuwa na huruma, na hesabu anazijua."

Mwalimu alipolala kwa homa, bibi ndiye aliyempelekea uji wa tui wiki nzima. Alipohamishwa, alimwachia mnazi pekee aliokuwa ameununua. Tangu hapo, kila alfajiri akimaliza kuswali, bibi aliupitia Martini akiusalimu kama mkwe.

Kazi yangu ilikuwa kufagia chini ya minazi yote tisa na kuokota nazi zilizoanguka. Mpaka leo nikisikia kitu kizito kikianguka puu! hushika kichwa kwanza, ndipo natazama. Moshi wa makumbi ya nazi ulikuwa umejaa nguoni mwetu, na vidole vya bibi vilikuwa vigumu kwa kusuka makuti. Mimi nilizihesabu nazi, nikazihesabu tena. "Nazi unazijua idadi," alikuwa akiniambia. "Minazi je, unaijua?"

Kisha ukaja msukosuko wa Komba. Jirani alimpandisha mgema kimyakimya kwenye mnazi wa mpakani. Siri ikafichuliwa na komba: asubuhi tulimkuta chini ya shina, amelewa tembo, amelala chali kama mwenye nyumba. Bibi akasema mnazi ni wake. Jirani akasema uko kwenye ardhi yake.

"Ardhi yako, mnazi wangu," bibi akamjibu mbele ya wazee. "Kama ni wako, toa habari yake."

Jirani akakohoa. Bibi akaitoa yake: kaka yake ndiye aliyeleta mche, nani alichimba shimo, siku ile walikula nini. Wazee wakampa mnazi. Watoto tuliuita Komba, na jirani hakutusamehe mwaka mzima.

Wa tisa uliitwa Baleni. Baleni ni kijiji cha mbali na kwetu, hatukuwa na ndugu huko. Bibi alikuwa ameshaniambia, huu ni wako wewe. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, akaniita.

"Fagia hapa, kisha ukae nikupe habari ya Baleni."

"Nikifagia napata nini?"

"Si habari hiyo?"

"Habari hailiwi, bibi. Nipe dafu."

Akacheka, akanipa dafu. Nililinywa nikijiona mjanja wa kisiwa kizima. Hakunitajia tena, na mimi sikuuliza. Nikaenda Dar es Salaam kuuza vitenge. Kila nikirudi nilimuuliza bei ya mbata, zile nazi kavu za kuuza.

Sasa jirani anauza shamba. Mnunuzi amekubali kuiacha minazi yenye wenyewe, iliyobaki ataikata mwezi ujao. Tukakaa mimi, jirani na mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sukari nimeiona. Haya, toa habari."

Nikatoa habari za minane mfululizo, hata ya Komba, na mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Nilipofika Baleni nikasema, huu ni wangu, bibi aliniambia.

"Alikwambia aliupataje?"

Nikarudia kwamba bibi aliniambia ni wangu. Mwenyekiti akamgeukia jirani. "Mzee, muachie tu. Mmoja huo."

"Mwanangu, bibi yake ndiye aliyenibana kwa kanuni hii mbele ya watu. Mimi jina nalijua, habari siijui. Nikimwachia huyu, yule mama huko aliko atanicheka."

Nilijaribu kupunguziwa. Nilitaka kumpa mpaka nauli ya kurudia, akakataa. Maisha yangu yote sijawahi kukosa punguzo kwa mtu niliyempelekea sukari.

Kisima kimefukiwa, wazee walioshuhudia tumeshawazika, na kijana niliyemkuta akipima shamba ameiandika minazi yote namba kwa rangi nyekundu. Martini ni kumi na saba. Baleni ni ishirini na mbili. Nimekwenda kuhakikisha mara mbili.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa kama una bibi au shangazi kule Baleni. Muulize kama aliwahi kusikia habari ya mwanamke wa upande wa Utende aliyepata mnazi kwa mtu wa kwao: alimtendea nini, na nani aliona. Niletee kabla ya mwezi ujao, na utaje bei yako. Sitaomba upunguze.