Udongo wa Uani Kwetu

Juzi binti yangu Neema alirudi kutoka shuleni na begi jipya la msaada. Lilinuka plastiki, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu hapa Cheyo, mchana mmoja wa jua kali.

Nilikuwa nasoma shule binafsi, nikilipiwa na wafadhili. Siku hiyo mgeni alileta mabegi, na mwalimu akatangaza mstarini, "Wanaoishi katika mazingira magumu wabaki. Wengine waende nyumbani." Akanitaja mimi. Nikajivuna. Mazingira niliyoyajua yalikuwa yale tuliyofundishwa darasani, miti na udongo, na udongo wa uani kwetu kweli ulikuwa mgumu kama sakafu.

Nilipofika nyumbani na begi langu nilimwaga ndoo nzima ya maji uani, nikachukua jembe. Ardhi ikatoa harufu ya mvua ya kwanza. Mama alikuwa jikoni akichemsha michembe, viazi vyetu vya kukausha. Akatoka na mwiko mkononi.

"Unafanya nini na maji yangu?"

"Nalainisha mazingira, mama. Mwalimu kasema ya kwetu ni magumu."

Nilitegemea afurahi. Alilitazama begi, akalitazama lile tope, kisha akalitoa jembe mikononi mwangu.

"Hayo hayalimiki, mwanangu."

Nilidhani anausema udongo.

Neema hakuniuliza mazingira magumu ni nini. Watoto wa sasa wanajua. Begi lake nimelitundika kwenye msumari ule ule uliobeba langu.