Nusu Dakika ya Muzee Théogène

Mgeni wa redio akianza kusema "sisi wananchi wa kawaida", mimi huongeza kasi ya cherehani ili nisimsikie. Wengi wao wanatoka Himbi, mtaa wa wenye pesa, wameshuka kwenye gari lenye vioo vilivyopandishwa, na wamekuja kutueleza bei ya makala ya kupikia. Isingekuwa Muzee Théogène, hiyo redio ningekuwa nimeizima zamani.

Lakini Muzee alikuwa anakaa nami hapa Ndosho, mtaa wa Goma, kwenye benchi la wateja, na kipindi cha "Meza ya Jirani" kwake kilikuwa kama misa. Saa nne asubuhi, kila siku ya kazi, mtangazaji Bienvenu huleta wageni wake, wanaongea, halafu anafungua simu. Kila msikilizaji hupewa nusu dakika, na sharti ni moja tu: ongea juu ya mada. Salamu ni za Jumamosi, kwa anayelipa. Sasa Muzee hakuwa na haja na mada hata moja. Alikuwa anaongea na mke wake.

Théogène Sibomana ni mtu wa milima ya Masisi. Alishuka Goma kutibiwa jicho, akamwacha mkewe Mukamugema nyumbani na mbuzi wao na shamba la maharage. Jicho lilipopona, vita vilikuwa vimekwisha kukata barabara. Akalala kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga mpaka kambi ikavunjwa, ndipo katekista wa parokia yetu akaja kuniambia, "Mama Fabiola, kile chumba cha nyuma kiko bure." Mimi ni Mnande wa Butembo, yeye nyumbani kwake wanasema Kinyarwanda, na majirani hawakukosa la kusema. Nikawajibu kwamba chumba ni changu na anayelala humo ni shauri langu.

Kule kwake mtandao wa simu ulikuwa umekufa, lakini redio ilifika. Mukamugema alikuwa na redio ndogo ya betri ambayo wote wawili walizoea kuisikiliza wakati wa kuchambua maharage. Kati yake na mumewe hakikubaki kingine.

Siku ya kwanza Muzee alipiga simu na kusalimia waziwazi, na Bienvenu akamkata. "Muzee, tuko kwenye mada." Basi akawa mjanja. Akija injinia kuongea juu ya maji ya mtaa, Muzee anasema, "Ingénieur amesema vizuri. Maji yanataka njia. Hata ule mufereji wa nyuma ya jikoni, kama hauzibuliwe mbele ya mvua, maji yataingia kwenye maharage." Akija mwalimu kuongea juu ya shule, Muzee anasema, "Mutoto wa kike asome, hiyo ni haki yake. Na ile blanketi nzito iko kwenye sanduku, chini kabisa."

Goma nzima ilicheka. Bienvenu mwenyewe alikuwa anashindwa kujizuia, anasema "Muzee, sanduku ya nani tena hiyo?" halafu anamkata. Vijana wa pikipiki wakipita hapa walikuwa wanamuuliza kama blanketi imeonekana. Na yeye alicheka nao. Lakini kila simu ilipokatwa, swali lake lilikuwa lile lile.

"Nimesema vizuri, Mama Fabiola? Unazani amesikia?"

"Kama amesikia, atakuwa amekuchoka," nilikuwa namchokoza. "Kila siku amri. Na hakujibu."

"Huyo? Hata tukilala kitanda kimoja alikuwa ananijibu kesho yake."

Tulicheka, kisha akaniangalia tena kama mtu anayesubiri jibu. Hakuna aliyejua kama yule mama alikuwa anasikia.

Halafu ikaja siku ya mbegu za maharage. Mgeni alikuwa Ferdinand, mtu wa kilimo aliyeshuka Goma kwa miguu. Bienvenu alipotaja kilima alikotoka, Muzee alisimama, redio ikiwa hapo mbele yake.

"Huyu anatoka kwetu," akasema. "Huyu anapita mbele ya mulango yangu."

Akaniomba niache cherehani. Alitengeneza kola ya shati kama anayekwenda kuonekana. Simu zilipofunguliwa, yake ilipita ya kwanza.

"Muzee Théogène wa Ndosho," Bienvenu akasema, kwa sauti ya chini. "Karibu, Muzee."

"Namushukuru mugeni," Muzee akaanza, mbiombio, kwa sababu alizoea kuongea kama mtu anayefukuzwa. "Mbegu inataka kukauka muzuri. Hata zile za kwenye kitunga, juu ya moto, zisikae pale mpaka zishike moshi, zishushwe..."

Akafika mahali pa kukatwa, akatulia mwenyewe. Hakukatwa.

"Endelea, Muzee," Bienvenu akasema. "Leo usikimbie. Hata kama ni salamu. Musalimie tu mama."

Nilishika kitambaa nilichokuwa nashona na sikujua nakishikia nini.

"Unaniruhusu?" Muzee akauliza.

"Ndiyo, Muzee."

"Juu ya nini leo?"

Kisha Bienvenu akauliza lile ambalo hakupaswa kuliuliza. "Muzee, uko na nani hapo?"

Kila mtu wa hapa analijua swali hilo. Anayeliuliza amebeba kifo, na kabla ya kufungua kinywa anataka kujua kama kuna wa kukushika. Kwetu habari kama hiyo haipiti kwenye simu, sembuse redioni. Watu wanakuja nyumbani, wanakaa, wanakuuliza kama umekula. Na kweli Bienvenu hakutangaza kitu. Alimhurumia tu, na huruma ikasema yote. Nilimkasirikia, na hasira hiyo bado haijaisha. Angemkata kama siku zote, Muzee angekuwa na mke mpaka jioni.

"Niko na Mama Fabiola," Muzee akajibu. Kisha akasema, "Ni mugeni ndiye ameleta habari?"

Tulisikia mtu anavuta pumzi karibu na kipaza sauti.

Muzee akaisogeza simu mdomoni. Muda wote ule alikuwa ameliiba jina lile, analificha nyuma ya mifereji na blanketi, na sasa alikuwa ameruhusiwa. "Mukamugema," akasema, mara moja. Akaongeza maneno machache ya Kinyarwanda, ambayo sikuyaelewa na sijamuuliza. "Merci, Bienvenu. Nimemaliza." Akanipa simu, ingawa ilikuwa yake.

Mimi nililia. Yeye alikaa kwenye benchi, anaokota vipande vya kitambaa sakafuni na kuviweka pamoja kwa rangi.

Jioni walikuja, Bienvenu, Ferdinand na katekista, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Wakakaa. Ferdinand akaeleza kwamba ilikuwa homa, siku za baada ya Pasaka, na barabara ya kwenda hospitali haikupitika. Walimzika ukingoni mwa shamba. Bienvenu alikuwa ameambiwa pale redioni, dakika chache kabla ya kipindi kuanza, na alikuwa anaangalia miguu yake.

"Blanketi ilionekana," Ferdinand akasema. "Ndiyo tulimufunikia alipogonjwa. Na mufereji aliuzibua siku ile ile ulisema. Saa ine ikifika, sisi wote tulikuwa tunakuja kwake kukusikia. Alikuwa anacheka, anafunika uso na kitenge."

"Kumbe alikuwa anasikia," Muzee akasema.

"Kila siku, Muzee."

"Na Pasaka ilipopita?"

Ferdinand akajibu, "Pasaka ilipopita, tulisikia sisi. Ulisema mbuzi wahame kule bondeni, tukawahamisha. Ulisema paa ya jikoni ifungwe, tukaifunga. Hatukuwa na njia ya kukuambia, tukaona heri tufanye."

Hapo ndipo Muzee Théogène alipofunika uso wake, na hatukumzuia.

Bado yuko kwangu. Kwa muda mrefu kipindi kilipoanza alikuwa anatoka na kwenda kusimama barabarani. Siku hizi ameanza tena kupiga simu. Jana mada ilikuwa takataka za sokoni, na Muzee aliongea juu ya takataka za sokoni. Bienvenu akaiacha simu wazi, akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Hapana," Muzee akasema. "Ni hayo tu, juu ya mada."

Na nusu dakika yake ilikuwa haijaisha.