Kamba Nne za Bi Kidawa

Watu wa Funguni walimjua Bi Kidawa kwa kamba zake. Zilikuwa nne, zimefungwa darini, juu kabisa ya nyumba aliyopanga chumba, na kila baada ya mchezo jezi nyeupe za Nyota ya Funguni zilianikwa hapo. Hakuzianika ovyo. Ya golikipa ilikaa peke yake kamba ya nyuma. Mbili za mabeki kamba ya pili. Tatu za mahafubeki ya tatu. Na mbele, upande wa bahari, tano za mafowadi, zimetandazwa kutoka wingi wa kulia hadi wingi wa kushoto. Upepo ulipoingia, jezi zilijaa vifua, zikainua mikono, zikakimbia pale pale bila ya kufika popote. Bi Kidawa alikaa chini akazitazama mpaka zikauka, na wakati mwingine mpaka baada ya kukauka.

Mpangilio ule alifundishwa na marehemu mumewe, Mabrouk, mchukuzi wa bandarini, aliyekuwa kapteni wa kwanza wa Nyota. Bi Kidawa alikuwa hajapata kukanyaga kiwanja cha Mnazi Mmoja. Kwao mwanamke hakwenda kusimama kwenye kundi la wanaume wanaopiga makelele. Basi Mabrouk akirudi jioni humwanikia jezi na kumsimulia mchezo kwa kidole: huyu alimpa huyu, huyu akamponyoka yule, na huyu wa pembeni, Kidawa, huyu ana miguu ya paka.

Homa ilimchukua Mabrouk kwa siku nne. Bi Kidawa alikaa eda, na siku alipotoka, wanaume wawili wa timu walikuja na gunia, wakaliweka mlangoni, wakaondoka. Ndani mlikuwa na jezi chafu. Alilia kidogo, kisha akatafuta sabuni. Tangu siku hiyo mpaka mwaka wa hamsini na tano ilikuwa imetimia miaka kumi na miwili.

Wachezaji walikuja wakaondoka, na wengi hakuwahi kuwaona nyuso, lakini aliwajua. Simai, golikipa na kapteni, alitoboa viwiko. Wingi wa kulia alikula tambuu, akaacha nukta nyekundu kwenye ukosi. Mmoja katika mafowadi alichanika bega la kushoto kila wiki, na Bi Kidawa akimshona humwombea Mungu ampunguzie hasira. Mara moja alimwambia Simai kwamba yuko mmoja ambaye jezi yake hurudi kama ilivyokwenda, haina jasho wala vumbi, na yeye anaona huyo mpira anauangalia tu. Simai alicheka akakaa kwenye ngazi. Wiki iliyofuata mtu huyo aliachwa nje.

Mwaka huo timu nane ziligombea Kombe la Ligi. Nyota, iliyozoea kutolewa mwanzo kabisa, ilishinda mara mbili ikajikuta fainali, Jumamosi saa kumi za jioni, na Mawimbi ya Vikokotoni. Mawimbi walivaa buluu, buluu nyepesi ya mbingu ya asubuhi.

Alhamisi, siku mbili kabla, Bwana Jaku, katibu wa Nyota, alipanda ngazi. Alikuwa karani, mtu wa kalamu mfukoni, si mtu mbaya. Alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema. Alieleza kwa upole kwamba timu sasa ni timu ya fainali, itapigwa picha, na kamati imeonelea jezi zipelekwe kwa dobi azitie wanga na kuzipiga pasi. Yeye Bi Kidawa apumzike, amehangaika sana.

Bi Kidawa aliangalia kamba zake. Zilikuwa tupu siku hiyo, na aliona jinsi zitakavyokuwa tupu kila siku.

"Niachie fainali, Bwana Jaku," alisema. "Zikitoka hapa si nyeupe kuliko za watu wote, mpe dobi wako. Zikitoka nyeupe, usinipandie tena ngazi hizi kwa habari ya dobi."

Bwana Jaku alizungusha kikombe mkononi, akasema haya, fainali ni yake.

Mtu akiwa na jambo moja tu la kushika, hulibana mpaka likamponyoka. Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, Bi Kidawa alikuwa keshazifua mara mbili kwa sabuni ya mche. Zilikuwa nyeupe, lakini hofu ilimwambia bado. Kila mwanamke anajua kwamba buluu kidogo ya kufulia hutia weupe. Kwa kawaida alifunga nusu kidonge kwenye kitambaa, akakizungusha majini mara tatu, akakitoa. Siku hiyo alifunga vidonge vitatu. Alitumbukiza jezi, akaegemea ukuta kungojea kidogo, mkono wake majini.

Maji yalikuwa baridi, na jua la alasiri lilikuwa limelala kwenye sakafu kama mkeka. Akamwona Mabrouk amekaa upande wa pili wa beseni, na gunia lake la bandarini begani, anamsimulia fainali. Alisimulia polepole. Mpira ulikwenda kutoka kamba hadi kamba, hauanguki chini. Bi Kidawa alitaka kumwuliza nani ameshinda, ila alijua akiuliza atanyanyuka aende zake, basi akanyamaza akamsikiliza. Alisikiliza muda mrefu.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyomwita. Kitambaa kilikuwa kimepasuka. Aliinua jezi ya kwanza, akaishusha, akainua ya pili. Zote kumi na moja zilikuwa buluu, buluu nyepesi ya mbingu ya asubuhi. Rangi ya Mawimbi hasa.

Alikaa chini. Nyota haikuwa na jezi nyengine. Timu mbili za rangi moja refa hatozikubali, na ambaye hana nguo ya kuvaa atapoteza kombe bila ya kupiga mpira. Akazisuuza maji matatu, buluu ikabaki. Akakamua ndimu zote alizokuwa nazo, akatuma dukani zikaletwa nyengine, akazisugua mpaka vidole vikamchoma. Asubuhi alipozitazama, ndimu ilikuwa imeila buluu mahali na kuiacha mahali. Zilikuwa na mabaka kama ng'ombe wa shamba.

Alizikusanya akateremka nazo kwa Bi Sichana, jirani yake wa chini. Bi Sichana alikuwa kungwi, kazi yake kuwasinga maharusi kwa manjano, na wiki hiyo alikuwa na mwari wake huko Kiembe Samaki. Kinu cha manjano yaliyotwangwa kilikuwa uani, kimefunikwa kawa. Alizigeuza jezi mbele na nyuma.

"Shoga," alisema, "nguo hizi umezitia maradhi."

"Nisitiri, Sichana."

"Mwari wangu aolewa Jumatatu. Nikikupa manjano yake, yeye atatoka na rangi gani?"

"Atatoka na rangi aliyoumbwa nayo."

Bi Sichana alimtazama usoni, akaona jinsi macho yalivyomvimba, akaacha mzaha. "Lete beseni," alisema.

Waliyachemsha manjano pamoja na ndimu, wakazizamisha. Manjano hayapendi jua, kwa hiyo Bi Kidawa alizifungua kamba zake nne darini akazifunga chumbani, kutoka dirishani hadi juu ya kitanda, akazianika kivulini kwa mpangilio ule ule. Palikuwa hapana nafasi ya kusimama ila katikati yao. Zilikuwa njano ya embe bivu, na pale buluu ilipokuwa imebaki, kijani ya embe linaloanza kuiva. Mwangaza ulipita ndani yao ukaangukia mikono yake, mito yake, picha ya Mabrouk. Kwa kitambo hofu ilimwacha. Alipita baina ya hafubeki na fowadi kama mtu anayepita shambani.

Simai alifika baada ya adhuhuri. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, na kabla hajajibiwa akaona. Alisimama kizingitini. Bi Kidawa alimweleza yote, buluu, usingizi, ndimu, mabaka, hakujificha nyuma ya neno. Alimwambia kama atamkasirikia ana haki.

Simai aliivuta jezi yake akainusa.

"Mama," alisema, "leo twaozwa?"

Akaivaa pale pale. Kisha, akiwa anazikunja nyengine, alisema bila ya kumtazama kwamba kumi na miwili ni miaka mingi kufua mchezo usiouona. "Njoo leo utuone. Simama na Bi Sichana kule kwenye mivinje, mbali na wanaume. Hakuna atakayekusema."

Bi Kidawa alisema hawezi. Saa kumi alikuwa kwenye mivinje, buibui limemfunika mpaka puani, mkono wake umeshikana na wa Bi Sichana.

Kiwanja kilikuwa kikubwa kuliko alichosimuliwa, na nyasi zilikuwa hafifu. Mawimbi waliingia kwanza, buluu na safi, na watu wakapiga makofi. Nyota walipoingia makofi yalikatika. Halafu upande wa Vikokotoni sauti ikatoka:

"Maembe hayo yameiva! Yachumwe!"

Kicheko kilizunguka kiwanja kizima. Mzee mmoja wa Funguni aligeuka taratibu akasema, "Chuma, baba. Utomvu utakubabua mdomo."

Bi Kidawa alitaka ardhi immeze. Lakini filimbi ikalia, na alichokiona kilimsahaulisha aibu. Zile kamba zilikuwa zinatembea. Golikipa nyuma, mabeki wawili, watatu, na watano mbele, walijitanua kama alivyowaanika, kisha wakavurugika, kisha wakajipanga tena, kama upepo umeingia na kutoka. Aliwatambua mmoja mmoja. Yule wa bega la kushoto, kumbe ni mdogo wa umbo, ana sura ya upole. Mla tambuu alikimbia kwa miguu ya paka. Hafubeki wa kushoto, ambaye yeye humwanika kamba ya tatu siku zote, hakukaa kamba ya tatu hata kidogo. Kila mara alikuwa mbele, amepotea miongoni mwa mafowadi. Na katika jua la jioni jezi zile zilitoa nuru, ukaweza kuziona hata ukifumba jicho. Jasho lilipowatoka, manjano yakawateremka shingoni na mikononi, wakawa wote wamesingwa.

Yule mpole alifunga goli la kwanza, na mwanamke asiyejulikana akamkumbatia Bi Kidawa. Mawimbi walirudisha. Kisha, jua likiwa limekwisha gusa mapaa, wakafunga la pili. Mpira wa mwisho wa Nyota uligonga mwamba, ukarudi, ukazunguka mguuni mwa mtu, na filimbi ikalia. Kombe likaenda Vikokotoni.

Njiani kurudi alisikia watu wakisema Funguni wamefungwa na nguo. Alivuta buibui, akaongeza mwendo. Jumapili Bwana Jaku alipanda ngazi. Hakumlaumu, na hilo lilimwumiza zaidi. Alikusanya jezi kumi na moja ndani ya shuka, akamshukuru kwa miaka yake, akateremka. Bi Kidawa alizirudisha kamba darini, zikakaa tupu. Siku tatu hakupanda kuzitazama.

Siku ya nne alisikia hatua nyingi kwenye ngazi. Bwana Jaku mbele, na nyuma yake mwanamume mwenye furushi kubwa la nguo mikononi, amelishika mbali na kanzu yake. Alikuwa dobi. Alilitua sakafuni kama kitu chenye kuuma.

Alieleza kwamba amefua nguo za kila aina ya watu miaka ishirini, hajaona hili. Alizitia sabuni kama nguo nyengine, na mara hiyo hiyo zikageuka damu. Alipozidisha sabuni zikazidi. Sasa kanzu tatu za wateja wake zina wekundu, na yeye nguo hizi hazitaki dukani kwake, hata kwa nauli ya meli.

Alilifungua furushi. Kweli, zilikuwa nyekundu, nyekundu ya matofali, na Bwana Jaku aliziangalia kama mtu aliyeangaliana na jini.

Bi Kidawa alihisi kitu kikimpanda kifuani, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Hakuna mtoto wa kike Unguja asiyejua kwamba manjano na sabuni hawapatani. Alitia maji kwenye beseni, akakata ndimu mbili, akakamua, akaitumbukiza jezi ya Simai, ile ya viwiko vilivyotoboka. Akawaita wasogee.

Wekundu ulianza kurudi nyuma kwenye ukosi. Ukateremka kifuani, ukapita tumboni, ukaondoka kama kivuli kinavyoondoka ukutani jua linapopanda, na nyuma yake njano ikaja, njano ya embe bivu, imetulia majini kana kwamba haijapata kwenda popote. Dobi alisema subhanallah, akarudi hatua moja.

Bwana Jaku alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Bi Kidawa," alisema, "Jumamosi tuna mchezo wa kirafiki na watu wa Paje. Wametuma neno. Wanataka kuyaona maembe."

"Nshasikia," alijibu. "Nletee ndimu."

Walipoondoka alipanda darini. Ilikuwa karibu na magharibi na jua halina nguvu ya kudhuru manjano. Alimwanika Simai kamba ya nyuma. Akaanika mabeki wawili. Kwenye kamba ya tatu alianika wawili tu, akasimama na ya hafubeki wa kushoto mkononi, maji ya ndimu yakimdondokea miguuni. Kisha akapita nayo mpaka kamba ya mbele, akambana pale, baina ya mafowadi. Mabrouk hakumsimulia hilo. Alimwona mwenyewe, kwa macho yake.