Biri Mvuani

Fundi saa huvutia biri yake uani, maana mkewe hapatani na moshi. Mvua inyeshe, upepo uvume, yuko pale na mwavuli wake. Njiti ikilowa huisonya kama mtoto mtukutu, kisha huikinga nyingine kwa viganja vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Zamani hakuwa hivyo. Shemeji yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita kutoka uani, “Shemeji, toka tuvute!” naye akijibu kutoka ndani, “Ngoja mvua ikatike.”

Leo mkewe amechungulia dirishani. “Baba, bega zima limelowa! Mwavuli wote umekikinga kiti kitupu!”

“Najua,” akasema, akausogeza zaidi upande wa kiti. “Kaka yako alilowa vya kutosha akiningoja.”