Mupishi wa Bakteria

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa labo alinikuta na kijiko mdomoni.

"Papa Bahati, uko unafanya nini?"

"Ninaonja, Shefu. Hii supu inakosa chumvi."

Akaninyang'anya kijiko. "Haiko supu ya batu! Iko ya bakteria!"

Nilisoma mpaka darasa la nne, na sioni haya kusema. Nilikuwa mpishi wa mapadri kule Nyalukemba. Chuo kimoja cha hapa Bukavu kilinichukua kwa sababu moja tu: nilijua kuchunga moto. Kazi ilikuwa kupika chakula cha vidudu visivyoonekana kwa macho: maji, chumvi, hamira, na agari, unga wa majani ya baharini unaofanya supu igande kama mchuzi wa kwato uliolala. Kisha tunamimina kwenye visahani.

Wanafunzi waliona aibu kuuliza. Mimi sikuwa na diploma ya kuaibisha, basi niliuliza. Jeni ni nini?

"Wewe ni mupishi," Shefu akasema. "Jeni iko agizo la kupika kitu kimoja mwilini. Sisi tunakata agizo moja, tunalibandika kwenye kipete kidogo, plasmidi, tunaingiza ndani ya bakteria. Bakteria haiulize agizo limetoka kwa nani. Inapika tu."

Hilo nilielewa palepale. Nilipika sosi za mapadri miaka mingi bila kujua bibi gani wa Ulaya alizianzisha.

Siku moja wanafunzi waliwapa bakteria jeni ya mnyama wa baharini anayeng'aa. Kwenye kipete kuna jeni nyingine ya kukinga dhidi ya antibiotiki, na antibiotiki unaitia kwenye chakula. Bakteria aliyepokea kipete anabaki hai, asiyepokea anakufa. Kesho yake visahani vilijaa tele. Wanafunzi wakapiga makofi. Wakazima taa, wakawasha taa ya buluu inayoonyesha mng'ao huo: giza tupu, hakuna kilichong'aa.

"Papa Bahati, antibiotiki uliitia saa ngapi?"

"Mwanzoni, Shefu, sufuria ikichemka. Kila kiungo ndani, niko mupishi."

"Umeipika mpaka ikakufa! Njo maana bote banaishi, na kipete na bila kipete." Akaweka chupa ya supu kwenye shavu langu. "Ngoja ipoe mpaka shavu livumilie. Kisha njo utie."

Sikukosea tena. Shefu alipopelekwa Luberizi kwenye utafiti wa mpunga, Madame Profesa akaja kushika nafasi yake, naye akakuta shavu langu linafanya kazi ya kipimajoto.

Ndipo mke wangu, Mama Nsimire, akashikwa na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwandikia insulini, nami nikajisifu nyumbani: "Hiyo dawa inapikwa na bakteria! Wamepewa jeni ya insulini ya mtu. Ndugu zao nimewalisha mimi!" Akakisogeza kichupa cha dawa mbali na sahani yake.

Wiki zikapita, sukari haishuki. Daktari akaongeza dozi. Bado. Akaongeza tena. Mke wangu alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Asubuhi moja nikaingia jikoni, nikakuta kichupa cha insulini kinaruka ndani ya maji yanayochemka.

"Mama Nsimire! Hii ni nini?"

"Ninaua vidudu byako. Wewe mwenyewe ulisema. Sitaki banipikie ndani ya tumbo, bageuze jeni yangu!"

Nikakaa chini. Kosa langu la zamani lilikuwa limenifuata nyumbani, na njia nililionyesha mimi kwa mdomo wangu. Nikampeleka kwa Madame Profesa.

"Maman," akamwambia, "bakteria wanabaki kiwandani. Insulini inasafishwa kwanza, njo inakuja kwenu. Kinachoingiza jeni ndani ya seli za mugonjwa mwenyewe kinaitwa tiba ya jeni, na mara nyingi jeni inabebwa na virusi walionyang'anywa ubaya wao. Hiyo ni kazi ingine. Insulini iko chakula, haiko mupishi."

Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Nyumbani kulikuwa na kichupa kipya. Nilitaka tuanze nacho tukae kimya, maana niliona haya mbele ya daktari, mimi mtu wa labo. Lakini nikawaza: dozi iliongezwa kwa sababu ya dawa iliyokufa. Dawa hai kwa dozi ileile itamfanya nini? Nikaacha kichupa mezani, nikaenda hospitali, nikasema yote, manesi wakisikiliza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Papa, asante kwa kuja kabla ya sindano. Sukari ingeshuka mpaka azimie, ao afe." Akaturudisha kwenye dozi ya kwanza. Safari hii sukari ikatii.

Sasa nimestaafu, tunakaa Nguba. Ninyi vijana wenye diploma, siwaombi heshima. Ninaomba mumalize kueleza mnapoanza kueleza. Mimi niliishia nusu, nusu ile ikachemshwa. Na bado ninauliza. Juzi nilimwuliza Madame Profesa kama siku moja seli za mke wangu zenyewe zitafundishwa kupika insulini. Akasema kuna wanaotafuta.

Kwa sasa tuna chungu chenye mchanga uliolowa maji, cha kuweka insulini ibaki baridi, maana umeme wa hapa unakuja unapotaka. Kila asubuhi Mama Nsimire anatoa kichupa, anakiweka kwenye shavu, ananitazama.

"Iko baridi, mupishi," anasema. Halafu anajichoma sindano.